Miezi minane na Thunderbird, kutuma imeili bila brauza

Nina kaofisi ka kuchapa kadi za harusi na vitabu vya risiti hapa Mbeya, kwa siku natuma imeili kama ishirini hivi, proforma, sampo, ankara, na zamani zote nilikuwa naandikia kwenye brauza, mtandao ukikata katikati unaanza upya. Sasa nipo na Thunderbird, programu ya imeili unayoiweka kwenye kompyuta, ni ya bure kabisa.

Mwanzo ilinisumbua. Barua zinaingia vizuri tu ila kutuma inagoma, wiki nzima najua pasiwedi ndo mbovu. Kumbe kupokea na kutuma ni njia mbili tofauti, zinaingia kwa IMAP zinatoka kwa SMTP, na kila njia ina seva yake (kompyuta ya kule mtandaoni inayoshughulikia barua) na poti yake (namba ya mlango wa kupitia), na jamaa aliyenisetia alikuwa ameweka poti 25 ambayo kampuni nyingi za intaneti huwa zinaifunga kuzuia spamu, zile barua taka. Nikaweka 587 na STARTTLS, ile ya kuficha barua njiani isisomwe, ikaenda palepale! Kwa wengine ni 465, muulize anayekuhifadhia domeni, lile jina linalokuja baada ya @ kwenye imeili yako.

Kitu kingine, ukibonyeza kutuma barua haiendi kwa mteja moja kwa moja, inakabidhiwa seva yako kwanza halafu yenyewe ndo inaitafuta seva ya mteja. Kwa hiyo kuondoka sio kufika. Ikikataliwa utaletewa barua ya Kiingereza kirefu, usiifute, sababu imeandikwa humo humo.

Ninachokipenda kuliko vyote, mtandao ukikata naendelea kuandika, nabonyeza Ctrl+Shift+Enter barua inakaa inasubiri, mtandao ukirudi nazitoa zote kwa mkupuo.

Kwenye atachimenti muwe makini. Faili likisafiri kwa imeili linageuzwa maandishi na linanenepa kama theluthi moja, MB 20 inakuwa 27 hivi, seva yenye mwisho wa MB 25 hailipokei. Halafu ukitumia IMAP, barua ikishaondoka programu inapandisha nakala yake kwenye folda ya zilizotumwa, yaani bando linaliwa mara mbili. Na mtandao ukiwa mzito unaweza kuona imeng'ang'ania hapo kwenye nakala ukadhani haijatoka, mimi nikarudia kutuma na mteja akapata ankara mbili akanipigia simu anauliza alipe ipi. Ikikwama hapo usitume tena jamani, barua imeshaondoka, ni nakala tu inayosubiri.