Seti ya kokteli ya nyumbani, mwezi mmoja baadaye: sheka naipenda, chupa ya stroberi hapana

Nianze na jina la kinywaji maana najua kuna mtu atacheka. Jini, ile pombe kali ya gin. Ndiyo, jini, na huyu naye anakaa kwenye chupa kama yule wa hadithi, ila ukimtoa hakuulizi unataka nini, anakuletea anachotaka yeye. Haya, hilo limeisha.

Mimi nilikuwa mtu wa jini na toniki tu, kipande cha limau, barafu, basi. Halafu nikanunua hizi seti za kutengenezea kokteli nyumbani, zile zinakuja kwenye boksi zuri lina utepe, ndani kuna sheka ya chuma ya kutikisia vinywaji, kipimo, mchi wa mbao wa kupondea matunda, chujio, kijiko kirefu kile cha shingo iliyosokotwa, kijitabu cha maelekezo na chupa ya jini ya stroberi yenye rangi ya waridi kama dawa ya kikohozi ya watoto. Kampuni siitaji, maboksi ya aina hii yamefanana mno na mengi ya haya nitakayosema utayakuta kwenye boksi la mwingine pia. Nimeitumia mwezi mzima, kila wikendi, na kuna vitu humo ndani navipenda kabisa na kuna kimoja najuta.

Kimoja ninachojuta ndio kile kilichonifanya ninunue, ile chupa.

Ukifungua tu inanukia pipi, sio stroberi, PIPI. Unaonja, inakuja sukari kwanza, kisha kama pafyumu hivi, kisha hamna kitu. Ule ukali wa juniperi, vile vitunda vidogo vinavyotia jini ladha, ile harufu kama ya majani ya msonobari ambayo ndiyo inafanya jini iwe jini, unautafuta huuoni. Na hapa sio suala la ladha yangu tu, kwa sheria za Ulaya kinywaji kikiitwa jini lazima juniperi ndiyo itawale na kilevi kisishuke chini ya asilimia 37.5, Marekani wao ni 40. Chupa yangu kwenye asilimia iko sawa, ila juniperi wameifunika na sukari mpaka imekufa. Angalieni pia lebo ya nyuma jamani, kuna chupa nzuri nzuri za waridi ukisoma unakuta asilimia 20, hiyo sio jini tena hiyo ni likea ya jini, yaani pombe iliyotiwa sukari na ladha, na likea kwa Ulaya inabeba sukari gramu 100 au zaidi kwa lita, kwa hiyo usije ukashangaa kokteli yako inakuwa nzito kama juisi ya kuchanganya.

Sasa kijitabu kinakwambia nini, chukua mililita 50 za hiyo hiyo jini tamu, weka 25 za shira, 25 za maji ya limau, jazia maji ya soda. Nikafuata kama kilivyosema, nikanywa nusu glasi meno yakauma. Aliyeandika kijitabu sidhani kama alishawahi kuonja kilichomo kwenye boksi lake. Mara ya pili nikapunguza shira hadi 10 na limau nikapandisha hadi 30, hapo ikanyweka, lakini bado ni ladha ya kitu cha dukani kilichotengenezwa kifanane na tunda.

Ndipo nikasema ngoja, tunda lenyewe lipo, jini kavu ipo, kwani shida iko wapi?

Nikachukua jini kavu ya kawaida, ile wanaandika London dry, ambayo kwanza haina lazima itengenezwe London na pili hairuhusiwi kuongezwa sukari zaidi ya gramu 0.1 kwa lita yaani ni kama hamna kabisa. Nikamimina mililita 350, nusu chupa, kwenye mtungi wa kioo wenye mfuniko, nikatia stroberi robo kilo zimeoshwa, zimekaushwa, zimekatwa nusu nusu, nikafunga nikaweka kabatini kwenye giza. Kila siku nautikisa kidogo. Siku ya pili rangi tayari, nyekundu ya ukweli, na siku ya nne stroberi zimepauka kama zimeona mzuka, rangi yote na harufu yote imehamia kwenye jini. Nikachuja na kitambaa safi, na aisee. Unaonja unakutana na stroberi na nyuma yake juniperi imesimama palepale haijaenda popote. Haina utamu wa kuchosha, na hicho ndicho nilichokuwa nataka tangu mwanzo, utamu nauweka mwenyewe kwa shira nikiwa natengeneza, nikitaka kidogo kidogo, mgeni akitaka zaidi namwongezea.

Mtungi wa pili nikapata kiburi, nikasema kama siku nne ni tamu hivi siku kumi na moja itakuwaje. Itakuwa mbaya, ndivyo itakavyokuwa. Rangi iligeuka ikawa kama chai ya jana, ikawa na ukungu, na kuna uchungu ulioingia nadhani ni zile mbegu ndogo. Vipande vilivyoelea juu ya jini vikawa vya kahawia, kwa hiyo hakikisha matunda yote yamezama. Siku tatu hadi tano zinatosha kwa stroberi, rasiberi ni laini zaidi zinatoa haraka, we onja kila siku na kijiko safi, ulimi ndio utakwambia. Na ukishachuja weka kwenye friji, maana tunda limeachia maji yake humo na kilevi kimeshuka, sio ile jini ya kukaa kabatini mwaka mzima.

Matunda mengine sio yote yanafaa kuloweka. Maganda ya limau au chungwa siku moja tu inatosha, na uchune ile ngozi ya rangi peke yake, ule weupe wa chini ni mchungu. Tikiti maji lina maji mengi mno, ladha inapotea. Pasheni usihangaike kuloweka, pasua, kwangua vyote na mbegu zake moja kwa moja ndani ya sheka, ila punguza limau maana lenyewe lina uchachu wa kutosha. Embe ni tamu balaa lakini nyama yake inaziba chujio, ukiikimbiza kwenye blenda kwanza na kuipitisha kwenye chujio la chai unapona. Juisi ya nanasi ndiyo iliyonishangaza, ukiitikisa kwenye sheka inatoka na povu zuri juu kama umeweka ute wa yai wakati hujaweka chochote.

Na ukiangalia kokteli za matunda zilizodumu, nyingi hazianzi na jini iliyotiwa ladha kiwandani. Bramble, aliyoibuni Dick Bradsell kule London miaka ya 1980, ni jini kavu, limau na shira juu ya barafu iliyopondwa, halafu likea ya blakberi inamwagiwa juu mwishoni inashuka taratibu katikati ya barafu. Clover Club ya Philadelphia, ambayo ni ya kabla Marekani haijapiga marufuku pombe 1920, ni jini kavu, limau, shira ya rasiberi na ute wa yai. Tunda linakuja kwa mlango wake, jini kwa mlango wake, zinakutana kwenye sheka. Hii Clover Club ndiyo ninayoitengeneza sana siku hizi, 60 ya jini, 20 ya limau, 20 ya shira ya rasiberi, ute wa yai moja, unatikisa kwanza bila barafu ili povu lishike, kisha unatia barafu unatikisa tena. Wanaoogopa yai bichi, na sio vibaya kuogopa, tumieni yale maji ya dengu za kopo, povu ni lile lile na ladha huisikii.

Shira yenyewe msinunue, jamani ni sukari na maji. Kikombe kwa kikombe, unakoroga kwenye maji ya moto mpaka sukari ipotee, inapoa, inakaa kwenye friji wiki mbili tatu. Ya rasiberi unatia na matunda yaive kidogo moto mdogo, unachuja. Mwisho.

Sasa vyombo. Sheka ndiyo nyota ya boksi zima. Ni ile ya vipande vitatu, kikombe, kifuniko chenye matundu na kakofia juu, chuma kizito, haivuji hata tone. Unajaza barafu, unatikisa kwa nguvu sekunde 10 hadi 15 mpaka chuma kivae umande na mkono uanze kuuma, hapo kinywaji kimepoa na kimepata maji yake. Maji hayo sio kasoro, kokteli bila maji ya barafu inachoma koo. Ila tumia vipande vikubwa vya barafu vilivyoganda kabisa, vile vidogo vyenye tundu katikati vinayeyuka kabla hujamaliza.

Kero yake moja, kifuniko kinang'ang'ania. Hewa ya ndani ikipoa inajikunja na kuvuta kifuniko, chuma nacho kimebana, mara ya kwanza nilihangaika dakika tano wageni wananiangalia na kinywaji kinageuka maji humo ndani. Dawa yake funika na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kidogo, gonga pembeni kwa kiganja, kinaachia. Hilo kijitabu hakikusema.

Na kijitabu hakikusema pia kwamba SODA HAITIKISWI. Najua, najua, mtu mzima alipaswa kujua. Mimi nilitia kila kitu humo pamoja na soda maana ndivyo mpangilio wa kwenye karatasi ulivyosomeka, nikatikisa mara nne, kakofia karuka kagonga dari na ukuta wa jikoni ukapakwa waridi. Bado kuna doa dogo juu ya swichi. Soda, toniki, chochote chenye gesi kinaenda kwenye glasi mwishoni.

Kipimo ndio utapeli wa kimya kimya. Kina pande mbili, kimeandikwa 25 na 50. Kokteli zangu zilikuwa zinatoka chachu kila mara nikawa nalaumu limau, mpaka siku moja nikapima na mizani ya jikoni, maji gramu moja ni mililita moja haidanganyi, upande wa 25 uko sawa, upande wa 50 umejaa mpaka ukingoni ni gramu 43. Kwa hiyo kila mara jini inapungua, limau iko vilevile, uwiano umevurugika. Mnaonunua seti kama hizi pimeni siku ya kwanza, dakika mbili tu. Mimi sasa natumia kikombe cha kupimia dawa, hakina mvuto lakini ni mkweli.

Mchi wa mbao, hapana kabisa. Wameupaka vanishi inayong'aa, wiki ya tatu nikaona kigamba kinaelea kwenye glasi nikadhani ni mbegu ya stroberi, sio mbegu. Vanishi na limau na pombe haviendani. Nimeutupa, naponda na mpini wa mwiko usiopakwa kitu na maisha yanaendelea. Chujio na kijiko ni vya kawaida, vinafanya kazi yao.

Ningenunua tena? Boksi zima, hapana. Ningenunua sheka kama ile peke yake na chupa ya jini kavu, na hela inayobaki iende kwenye matunda na malimau, maana limau la kukamua mwenyewe pale pale na lile la kwenye chupa ya plastiki ni mbingu na ardhi. Nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za sheka.

Ile chupa ya waridi bado ina robo. Nimegundua ukiitia kidogo kwenye toniki yenye uchungu wa maana, na ndimu nzima, bila shira hata tone, inavumilika. Na zile stroberi zilizopauka baada ya kuchuja msitupe, ziko kwenye friza kwangu, nazitia kwenye glasi badala ya barafu, ila boksi lake nimeliandika kwa maandishi makubwa LINA POMBE maana mpwa wangu alishafungua friza akauliza anko hizi ni za nani.