Wiki sita za kujitolea afya ya jamii Temeke: mama wa mtaani nyota tano, ofisi nyota mbili

Naona likizo inakaribia na watu chuoni wameanza kuulizia hizi programu za kujitolea, mi nimetoka kumaliza wiki sita Temeke na shirika moja dogo, jina naliacha. Nasoma uhasibu mwaka wa pili, mambo ya hospitali siyajui kabisa, ila walinichukua hivyo hivyo: semina siku mbili, tisheti, kitambulisho, haya ingia mtaani.

Nianze na ofisi niitoe njiani. Tuliahidiwa nauli elfu tano kwa siku, nikapata ya wiki mbili, iliyobaki kila nikiuliza naambiwa ipo kwenye mchakato. Mi natokea Kimara jamani, mwendokasi mpaka Kariakoo halafu daladala, kuna siku nimekula mihogo mchana ili nauli ya kurudi itoshe. Kwenye picha lakini hawachelewi, kila Ijumaa tunapangwa mstari na bango.

Sasa mama niliyepangiwa. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mtaa mzima wanamwita dokta na yeye kila siku anawakatalia. Siku ya kwanza nikajifanya najua, nikatangulia kugonga mlango, humo ndani redio ikazimwa, kimyaaa, hata mtoto hakohoi. Mama akacheka akasema wanadhani wewe ni wa mikopo ya kausha damu umefuata rejesho, hebu rudi nyuma. Akaita "hodi mama, ni mimi wa kliniki" mlango ukafunguliwa na mkeka tukatandikiwa. Toka hapo nilikuwa natembea nyuma yake na daftari, na kabla ya nyumba yoyote mpya tunapita kwanza kwa mjumbe.

Kazi yenyewe si ya kuchoma sindano, ukienda na mawazo hayo utarudishwa, sisi dawa hata hatugusi. Ni kupima watoto, kuangalia kadi za kliniki nani karuka chanjo, kuandika, anayehitaji kituo cha afya mama anamwandikia rufaa. Mtoto wa kwanza kumpima mkono na ule utepe wa rangi nilivuta mpaka ukakaza, ikasoma sentimita 11.3, nyekundu, yaani utapiamlo mkali, na mimi bila akili nikaropoka "nyekundu!" mbele ya mama yake. Yule dada macho yakamjaa machozi palepale. Mhudumu akaniambia taratibu, mwanangu hiyo siyo kamba ya kufungia mzigo. Akatafuta katikati ya bega na kiwiko, mkono wa kushoto umelegea, utepe umegusa ngozi tu bila kubana: 12.1, njano. Mstari wa nyekundu unaishia 11.5, kwa hiyo hapo tofauti ni vidole vyangu. Mtoto bado ana shida ila si ile niliyoitangaza mimi. Wiki mbili baadae tukarudi ikasoma 12.3, njano bado, na yule dada mi ananisalimia kwa mbali.

Kingine nilichokikuta ni ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kumchanganyia mtoto anayeharisha, pakiti ni ya lita moja ya maji safi lakini watu wanamimina kidogo kidogo kwenye glasi kila mtoto akiendesha. Mama hahubiri, anaomba chupa mbili za nusu lita, anajaza, anamimina kwenye jagi mbele yao, pakiti yote inaingia. Zinki nayo wanaacha kuharisha kukikata, wakati inatakiwa siku 10 mpaka 14, vidonge vilivyobaki unavikuta juu ya kabati la vyombo.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kupata wahudumu kama huyu 137,294 ndani ya miaka mitano, mi nikawa najiuliza wangapi watakuwa na miguu ya huyu mama, maana saa sita jua la utosi mi natafuta kivuli na yeye anasema bado nyumba nne.

Kwa hiyo ukipigiwa simu na programu yoyote usiulize cheti kwanza, uliza utatembea na nani na kakaa mtaa huo miaka mingapi. Wakikwambia mtatembea wenyewe wanafunzi watupu, mi nisingeenda. Na nauli dai kila wiki, usisubiri mwezi uishe kama mimi, wiki nne zangu nazidai mpaka leo.