Uzoefu wangu: S'edav Va'aki na Casa Grande, Arizona

Huu ni mwaka wangu wa sita Phoenix, na kwa miaka minne ya mwanzo nilipita karibu na S'edav Va'aki kila siku nikienda kazini bila kujua ni kitu gani. Unashuka treni ya mjini kituo cha Barabara ya 44, ndege zinatua juu ya kichwa chako, na pembeni kuna kilima cha udongo kilichojaa vichaka. Nilidhani ni kiwanja cha mtu ambaye hajapata pesa za kujenga.

Kumbe ni makumbusho yenye magofu ya wenyeji wa kale. Sasa nimeingia humo mara tatu, na Casa Grande, jumba lao la kale nje ya jiji, nimekwenda mara mbili. Naandika kwa sababu wenzetu wengi huku huuliza wawapeleke wapi watoto au wageni waliotoka nyumbani. Wapelekeni huko, ila kwa mpangilio: makumbusho ya S'edav Va'aki kwanza, Casa Grande baadaye. Mimi nilianza kinyume na nikapoteza siku nzima.

Siku hiyo tulilipia gari la watalii la kampuni ambayo jina lake nitalihifadhi. Walichelewa saa nzima, tukafika jua la utosi, mwezi wa Juni. Aliyetuongoza alituonyesha lile jumba la ghorofa nne na kusema kwamba waliolijenga walitoweka, hakuna ajuaye walikwenda wapi. Mwanangu akauliza kama walikufa wote. Akajibiwa kwamba inaelekea hivyo. Tukarudi nyumbani na picha nzuri na habari ya uongo.

Makumbusho ndiyo yaliyonirekebisha. Wanaakiolojia kwa muda mrefu wamewaita watu hawa Hohokam. Neno hilo limetoka kwenye Huhugam la lugha ya O'odham, wenyeji asilia wa huku, na vitabu vingi vililitafsiri kama "waliotoweka". Waodham wenyewe wanalitumia kwa maana ya wahenga wao, wazee waliotangulia. Nasi tukisema marehemu babu ametutoka, hatuna maana kwamba ukoo umekwisha. Wajukuu wapo: jumuiya za Gila River na Salt River ziko hapa hapa, pembeni mwa jiji. Na hata jina la makumbusho limerudi kwao. Yalianzishwa mwaka 1929 na kwa miaka mingi yaliitwa Pueblo Grande, jina la Kihispania, hadi mwaka 2023 yalipopewa hili la Ki-O'odham.

Ndani kuna vyungu vilivyochorwa kwa rangi nyekundu, na makombe ya baharini yaliyosafirishwa kutoka Ghuba ya California na kuchongwa mapambo. Nje kuna kijia kinachopanda juu ya jukwaa kubwa la udongo, ambalo lilijazwa na kuzungushiwa kuta kwa mikono, kisha unashuka kwenye uwanja wa mpira wenye umbo la yai. Wamejenga pia nyumba za mfano ambazo watoto wanaruhusiwa kuingia. Vyote hivyo ni vizuri. Lakini kilichonishika mimi ni mifereji.

Mimi ni mtu wa Kilimanjaro. Nimekua nikimsikia baba akigombania zamu ya maji ya mfongo, yaani mfereji wa mashambani kwetu, na najua mfereji si shimo refu tu. Mteremko ukizidi, maji yanakula kingo. Ukipungua, tope linajaa na walio chini wanakosa. Sasa fikiria watu waliofanya kazi hiyo kwenye jangwa la Sonora kwa takriban miaka elfu moja, hadi karibu mwaka 1450, bila chuma, bila gurudumu, bila punda. Walikuwa na vijiti vya kuchimbia, majembe ya mawe na vikapu. Walikinga maji ya mto Salt na kuyapeleka kwenye mahindi, maharage, maboga na pamba, kwa mifereji ya jumla ya mamia ya kilomita. Baadhi yake ilifika zaidi ya kilomita 20, na mingine ilikuwa mipana kuliko barabara ya magari mawili. S'edav Va'aki ilikaa pale mifereji mikubwa ilipoanzia, yaani kwenye banio. Mwenye kujua siasa za maji ataelewa mara moja kwa nini jukwaa kubwa lilijengwa mahali hapo.

Walowezi walipofika, mwaka 1867 Jack Swilling alianzisha kampuni ya kuchimba mfereji, na baadhi ya njia za zamani zikafukuliwa na kutumika tena. Ndiyo maana jiji likaitwa Phoenix, ndege wa hadithi anayefufuka kutoka kwenye majivu. Hadi leo mfereji wa jiji unapita kando ya makumbusho. Nilisimama hapo muda mrefu, mwanangu akadhani naumwa.

Baada ya hapo tulirudi Casa Grande kwa gari letu, mwezi wa Januari, kama saa moja tu kutoka nyumbani. Kiingilio hakuna. Jumba lilijengwa karibu mwaka 1350 kwa karibu tani 3,000 za kalichi, udongo mgumu wenye chokaa, tabaka juu ya tabaka. Huruhusiwi kuingia ndani, na ni sawa, kwa sababu kuta zimechoka. Mwaka 1892 serikali ya Marekani ililitenga eneo hili lihifadhiwe, la kwanza la kale nchini kupewa ulinzi huo, na paa la chuma lililopo sasa liliwekwa mwaka 1932. Tazameni tundu la duara juu kwenye ukuta wa magharibi: linalingana na jua linapozama siku ndefu kuliko zote mwakani.

Kwa nini waliyaacha majumba? Wataalamu wanataja mafuriko yaliyovunja mabanio, ukame, na chumvi mashambani. Waodham wanasimulia jambo jingine: watu waliwainukia wakuu waliokaa kwenye majumba hayo. Mimi masimulizi hayo nayapa uzito. Mfereji hauendeshwi na mkuu peke yake; watu wakigoma kutokea siku ya kusafisha, umekufa.

Na msiishie kwenye mambo ya kale tu. Karne ya 19 walowezi wa juu ya mto Gila waliyakinga maji, na Waodham wa chini, waliokuwa wakiuza ngano, wakaangukia njaa. Ni mwaka 2004 tu ndipo sheria iliporudishia jumuiya ya Gila River haki ya zaidi ya mita za ujazo milioni 800 kwa mwaka. Kuna kijiji cha wahenga wao, Snaketown, kilichochimbwa na mwanaakiolojia Emil Haury miaka ya 1930 na tena ya 1960. Kilifukiwa tena na hakipokei wageni. Msiombe kupelekwa.

Nendeni kati ya Novemba na Machi, na maji na kofia. S'edav Va'aki kuna kiingilio kidogo. Angalieni kwanza siku za kufungua. Mimi nilimpigia baba simu nikiwa juu ya kile kilima, nikamweleza mifereji yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: asiyetokea siku ya kusafisha walimtoza nini?