Pikapu ya Viazi Ambayo Mama Anaweza Kulala Ndani Yake

Kutoka Nakuru hadi kwetu Ahero ni safari ya saa tatu na ushee. Unapita Salgaa, Mau Summit, Londiani na Kericho, kisha unateremka Awasi joto likikupokea. Mama yangu ana miaka 71, na mgongo wake uliharibika kwa miaka mingi ya kuinama kwenye mashamba ya mpunga. Katika pikapu yangu ya zamani, tulipokaribia matuta alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili na kunyamaza. Hakuwahi kulalamika. Dada yangu ndiye aliyeniambia kwamba kila nikimrudisha kutoka kliniki Nakuru, mama hulala siku mbili bila kwenda hata bombani. Niliposikia hayo nilianza kutafuta gari lingine wiki hiyo hiyo.

Sikuweza kununua gari dogo. Riziki yangu ni mbegu za viazi, na wateja wangu wako Mau Narok, zaidi ya mita 2,500 juu, ambako mvua ikinyesha siku mbili barabara za mashambani hugeuka uji. Nyumbani nako, ukiacha lami ya Ahero unaingia kwenye udongo mweusi wa tambarare ya Kano ambao hunata kwenye tairi kama ugali mbichi. Kwa hiyo nilihitaji pikapu ya milango minne yenye uwezo wa kusukuma kwa magurudumu yote, na wakati huo huo itulie kwenye lami. Magari mawili sina pesa zake.

Nilitafuta kwa miezi minne. Kosa ambalo nusura nilifanye ni kujaribu magari nikiwa nimekaa kwenye usukani. Dereva hukaa katikati ya gari, mahali palipotulia kuliko pote. Mama hukaa nyuma, karibu juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma. Basi nikawa naomba mtu mwingine aendeshe, mimi nakaa kiti cha nyuma, bodi ya mzigo ikiwa tupu, na tunapita lami yenye viraka, matuta, kisha kipande cha vumbi. Wauzaji wengine walinishangaa. Mmoja alitaka kunizungusha uwanjani tu, nikamshukuru nikaenda zangu.

Toyota Hilux ya lita 2.4 ndiyo ambayo kila mtu hapa Nakuru alinishauri, na sababu ninazielewa: fundi yeyote anaijua, vipuri viko hata Molo, na ukiiuza pesa yako inarudi. Injini yake huvuta vizuri mlimani. Lakini nyuma ina springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama kurasa za kitabu. Springi hizo zimeundwa kubeba kama tani moja. Bodi ikiwa tupu, uzito wa kuzikunja haupo, na kila tuta hupanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Madereva wengi huweka magunia mawili ya mchanga nyuma ili litulie. Dawa hiyo inafanya kazi, ila utakuwa unachoma dizeli kubeba mchanga mwaka mzima.

Isuzu D-Max nayo ina springi za namna hiyo. Inaunganishwa Nairobi, na kwa mtu anayebeba mzigo kila siku ya wiki ningemwambia aichukue bila kusita. Mimi nabeba siku tatu, siku nyingine gari ni tupu.

Mitsubishi L200 ilinipa shida ya kuamua. Kiti chake cha nyuma kimelala kidogo kuliko vya wenzake, na mgonjwa wa mgongo hilo analihisi kabla hata gari halijawashwa. Tena zile zenye mfumo wa Super Select zina difu ya katikati, yaani gia inayoruhusu shafti ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa hiyo unaweza kusukuma kwa magurudumu yote manne hata kwenye lami. Pikapu nyingi haziruhusu hivyo: ukiweka magurudumu manne kwenye lami kavu, shafti ya mbele na ya nyuma zinafungana, na ukikata kona zinapigana mpaka kitu kiumie. Fikiria ukungu wa Mau Summit saa kumi na mbili asubuhi, lami inateleza na malori yamejipanga. Difu hiyo ni uhai. Lakini L200 nyingine hazina mfumo huo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Ile niliyoipata kwa bei yangu haikuwa nao, na springi za nyuma zilikuwa zile zile za bapa.

Nikachukua Nissan Navara iliyotumika Uingereza, ya lita 2.3, milango minne. Nyuma ina springi za koili, yaani chuma kilichozungushwa kama skrubu, na ekseli inashikiliwa na mikono mitano ya chuma. Tofauti yake ni hii: springi ya bapa inabeba mzigo na papo hapo inaishika ekseli isikimbie, kwa hiyo lazima iwe ngumu. Koili imeachiwa kazi ya kubeba tu, mikono inashika, na koili inaweza kuwa laini. Kwenye kiti cha nyuma nilisikia tuta likipita chini yangu, halikunirusha. Nilijua papo hapo kuwa nimefika.

Ulaini huo una gharama. Ukirundika mzigo mwisho kabisa wa bodi, mkia hushuka na taa huangaza vilele vya miti. Nissan wenyewe walibadilisha springi za nyuma mwaka 2018 kwa soko la Australia ili zikaze zaidi mzigo unapoongezeka. Mimi hupakia magunia 14 ya kilo 50, yaani kilo 700, na huanza kupanga kutoka ukutani mwa kebini kurudi nyuma. Nikihitaji zaidi, nakodisha kenta, lori dogo. Jambo lingine: dizeli hizi za Ulaya zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na linataka safari ndefu ili lijisafishe. Anayezunguka mjini tu atalijaza haraka.

Nusura niharibu kila kitu kwa tairi. Duka moja liliniuzia tairi za matope, zenye meno makubwa, likasema ndizo za kazi ya Mau. Kwenye lami ya Kericho zilivuma kama mashine ya posho na usukani ukatetemeka. Nilizitoa baada ya wiki tatu kwa hasara, nikafunga zile za kati, za lami na vumbi. Tangu hapo zimenitoa kwenye tope lote nililokutana nalo, isipokuwa mara moja, na siku hiyo hata trekta lilikuwa limekwama. Upepo wa tairi pia nausoma kwenye kibandiko cha mlango: kipimo cha gari tupu si kile cha gari lililojaa. Zamani nilikuwa najaza kwa ajili ya mzigo na kuuacha hivyo wiki nzima, na mama ndiye aliyekuwa akilipia kwa mgongo.

Ukienda kununua Navara, lala chini uangalie springi za nyuma kwa macho yako, maana si zote zina koili, baadhi zina zile za bapa. Mwezi uliopita mama alisinzia tulipopita Londiani. Aliamka Awasi, akaniuliza kama matuta ya Kericho yameondolewa.