Hela ya antivirusi: ununue nini kwanza kwa kompyuta ya nyumbani

Mwezi wa nne dada yangu alipeleka flashi steshenari kuchapisha fomu za shule za mwanawe. Flashi ikarudi na kirusi cha shotikati: kila folda imegeuka alama yenye kamshale, ukiibofya linafunguka dirisha jeusi na kutoweka papo hapo. Akashuka mjini, akanunua boksi la antivirusi, akafika nyumbani akakwangua namba ya leseni, na namba ikakataa kwa kuwa ilikwisha kutumika. Hela ikaenda, kirusi kikabaki. Nilipoifungua kompyuta yake nikakuta jambo lililoniuma kuliko ile hela. Ndani ya Windows mlikuwa na kinga nzuri ya bure, Microsoft Defender, na fundi aliyempigia Windows, yaani aliyemwekea, ndiye aliyeizima.

Hayakumpata yeye peke yake. Anayepiga Windows ya kraki hulazimika kuizima kinga hiyo, maana ikiwa macho itakifuta kile kiprogramu kinachoidanganya Windows kwamba imelipiwa. Akimaliza kazi, mara nyingi hairudishi. Mteja anaondoka na kompyuta isiyo na mlinzi, na ndani yake mna kitu ambacho hakuna ajuaye kimebeba nini kingine. Kirusi cha kufunga mafaili kiitwacho STOP, ambacho wengine hukiita Djvu, kilienea kwa miaka kupitia programu za kraki za namna hiyo. Kinaficha picha na kazi zako kwa msimbo, kisha kinadai fedha ili kuzirudisha.

Kwa hiyo chaguo zilizo hapa chini nimezipanga kwa swali moja: shilingi unayotaka kuitoa inakuongezea kinga kiasi gani juu ya ile uliyonayo tayari?

1. Microsoft Defender, na hela yote kwenye diski ya nje

Hiki ndicho ninachowashauri watu wengi. Defender imo ndani ya Windows 10 na 11, hailipiwi, haiishi muda. Maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, hutoa hadi alama 6 kwa kukamata virusi, 6 kwa kutoielemea kompyuta na 6 kwa kutopiga kelele za uongo. Kwa miaka kadhaa sasa Defender imekuwa ikipata 18 kamili au karibu yake, sawa na bidhaa za kulipia.

Fungua Windows Security kwenye menyu ya kuanzia, uone alama zote ziwe za kijani. Ukikuta imezimwa, iwashe. Ikigoma kuwaka, chukulia kwamba kompyuta imeshaingiliwa. Iwapo laptopu ilikuja na McAfee au nyingine ya majaribio na muda wake umekwisha, iondoe. Defender itaamka yenyewe.

Udhaifu wake mmoja unatugusa sisi wa mabando. Defender hutegemea sana intaneti: ikikutana na faili geni huuliza seva za Microsoft. Kompyuta ikikaa wiki tatu bila mtandao, uwezo wake hupungua, na majaribio ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, yameonyesha pengo hilo kati ya kupima ikiwa mtandaoni na ikiwa nje ya mtandao. Tena, ukitumia mtandao wa simu na ukauwekea alama kwamba unalipiwa kwa kiasi, Windows huahirisha baadhi ya masasisho. Ukiwa na bando, ingia mwenyewe ubofye kitufe cha kutafuta masasisho. Kwa kompyuta isiyo na mtandao kabisa, Microsoft hutoa faili moja liitwalo mpam-fe.exe kwenye tovuti yake. Lipakue kwa mwenye mtandao, lilete kwa flashi, lifungue, basi.

Sasa diski. Hakuna antivirusi inayoshika kila kitu, na siku kirusi cha kufunga mafaili kitakapopita, kitakachokuokoa ni nakala. Diski ya nje ya terabaiti 1 yenye USB 3.0 inatosha familia nyingi. Chomeka mara moja kwa wiki, nakili picha, vyeti vilivyoskaniwa na kazi za watoto, kisha chomoa. Diski inayokaa imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta, na hapo nakala yako haikusaidii kitu.

Jihadhari na flashi za terabaiti 2 zinazouzwa kwa bei ya sahani ya pilau. Ndani mna kifaa cha gigabaiti chache kilichofundishwa kusema uongo juu ya ukubwa wake, na mafaili yanayozidi kiwango hicho hupotea bila taarifa. Ipo programu ya bure iitwayo H2testw inayojaza flashi yote kisha kuisoma upya. Ikimbize kabla hujaiamini flashi mpya, na muulize muuzaji mapema kama atakubali kurudishiwa.

2. ESET NOD32, kwa kompyuta dhaifu na flashi nyingi

Ukiamua kulipia, mimi ningeanzia hapa. ESET ni ya Bratislava, Slovakia, na jina NOD lipo tangu 1987. Sifa yake ya miaka mingi ni wepesi. Kompyuta ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka huipokea bila kulalamika, ambapo nyingine zingeifanya ichukue dakika tano kuwaka. Ukichomeka flashi inakuuliza kama iikague kwanza. Kwa nyumba ambayo flashi inazunguka shule, ofisi na steshenari, swali hilo dogo lina thamani.

Chukua toleo la chini kabisa. Matoleo ya juu yana vitu kama kutunza nywila na kufuatilia laptopu iliyoibwa, vizuri kuwa navyo, ila kinga ya virusi ni ileile.

3. Bitdefender, kwa familia yenye vifaa vingi

Inatoka Bucharest, Romania, na katika vipimo huru hukaa juu mwaka hadi mwaka. Leseni moja ya familia inashika Windows, Mac na simu za Android. Kama nyumbani mko watano kila mmoja na chake, gawanya bei kwa idadi ya vifaa, huenda ukaona ina maana zaidi kuliko ESET ya kompyuta moja. Ni nzito kidogo siku ya kuiweka, na faili la kuiweka linakula bando, kwa hiyo ifanye penye Wi-Fi.

Angalia bei ya mwaka wa pili. Karibu kampuni zote za antivirusi huuza mwaka wa kwanza kwa punguzo kubwa, halafu mwaka ukiisha kadi yako inakatwa bei kamili kimyakimya. Ukilipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa au ya benki, ingia kwenye akaunti siku hiyohiyo uzime leseni kujiongeza muda yenyewe. Ukitaka kuendelea utanunua upya, mara nyingi kwa bei ya mgeni.

4. Avast, AVG, Avira na Norton

Nimeziweka pamoja kwa sababu mwenye nazo ni mmoja. Avast ilinunua AVG mwaka 2016, Norton ikainunua Avira, kisha mwaka 2022 Norton na Avast zikaungana na kuitwa Gen Digital. Anayehama kutoka AVG kwenda Avast kwa kuchoshwa na matangazo amehama chumba, nyumba ni ileile.

Uwezo wa kukamata virusi wanao. Kinachonizuia kuzipendekeza matoleo ya bure ni historia. Kupitia kampuni tanzu iliyoitwa Jumpshot, iliyofungwa mwaka 2020, Avast iliuza taarifa za kurasa ambazo watumiaji wake walitembelea. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana ilipe dola milioni 16.5 na kuizuia kuuza taarifa hizo kwa ajili ya matangazo. Programu unayoipa ruhusa ya kuona kila faili lako inapaswa kuaminika kuliko zote. Defender ikiwepo bure, sioni sababu ya kujiongezea madirisha ya "nunua toleo la juu" kila asubuhi.

5. Kaspersky

Maboksi yake ya kijani yamejaa madukani kwetu, na katika vipimo imekuwa miongoni mwa bora kwa miaka mingi. Sijaiweka chini kwa udhaifu wa kazi. Mwezi Machi 2022 mamlaka ya usalama wa mitandao ya Ujerumani, BSI, iliwashauri watu waibadilishe, na mwaka 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuiuza kuanzia Julai 20 na kutoa masasisho kuanzia Septemba 29. Hoja yao ni kwamba serikali ya Urusi inaweza kuishurutisha kampuni, kampuni inakana. Kama una ndugu Marekani anayeitumia bado, mwambie aiondoe leo, kwani antivirusi isiyopata masasisho ni pambo. Kwa aliye Dar au Mombasa inafanya kazi, lakini mimi sipendi kuweka hela ya mwaka mzima juu ya kitu kinachovutwa na wakubwa huku na huku.

Isiyo kwenye foleni: Malwarebytes ya bure

Toleo la bure halilindi muda wote. Linakagua na kusafisha ukiliamuru, na kwa kazi hiyo ni zuri sana, hasa kuondoa takataka zinazobadilisha ukurasa wa mwanzo wa kivinjari na kumwaga matangazo. Liweke, likague, lisafishe. Wiki mbili za mwanzo litajiendesha kama la kulipia. Zikiisha usitishike na maonyo ya kununua.

Usinunue hata kwa punguzo

Programu za "kusafisha rejista", "kuongeza kasi mara mbili" na "kusasisha madereva" (viprogramu vinavyoendesha vifaa vya kompyuta) zinakuuzia woga. Hata ile maarufu kuliko zote, CCleaner, mwaka 2017 iliingiliwa na wahalifu huko ilikotengenezwa, na toleo lake la 5.33 likawafikia watu zaidi ya milioni 2 likiwa na programu hasidi ndani, na saini halali ya kampuni juu. Windows ina kifaa chake cha kufuta mafaili ya muda, nacho kinatosha.

Antivirusi ya kraki usiiguse. Ni kumkabidhi mlinzi funguo baada ya kumwokota kwa mwizi.

Ukiwa dukani

Boksi liwe na utepe ambao haujafunguliwa, na muombe muuzaji namba iwezeshwe mbele yako kabla hujalipa. Mwenye duka la haki hakatai. Soma idadi ya vifaa, na uhakikishe nchi au kanda iliyoandikwa inaruhusu kutumika kwetu. Ukiweza, nunua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Dada yangu angekuwa na hela yake.

Windows yenyewe

Hapa ndipo pengine hela yako inahitajika zaidi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Unaweza kujiandikisha upate masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026: ni dola 30, au bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Baada ya hapo, mashimo mapya hayazibwi. Kumbuka WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili. Kiraka kilitoka Machi 2017, shambulio likaja Mei 12, na baadhi ya hospitali za Uingereza zikasimama kwa sababu kompyuta hazikuwekewa kiraka kilichokuwapo tayari.

Unaponunua laptopu ya mtumba, soma prosesa, yaani ubongo wake. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu: i5-8250U inakubalika, i5-7200U haikubaliki, ingawa kwa nje laptopu hizo zaweza kufanana. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na miaka utakayoongeza. Ile ya zamani usiitupe; Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, itaifaa mtu wa kuandika, kuchapisha na kuangalia video.

Na habari ambayo mafundi wengi hawaisemi: kompyuta nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 10 au 11 zina leseni iliyohifadhiwa ndani ya ubao mama. Pakua Windows halisi kutoka tovuti ya Microsoft, ipige upya ya aina ileile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, na ukiunganisha intaneti inajithibitisha yenyewe. Kraki haikuwa na kazi hapo tangu mwanzo.

Iko hila moja inayoipita antivirusi kirahisi, nami nawaomba muwaeleze wazazi na vijana wa nyumbani. Ukurasa unajifanya unahakikisha kwamba wewe si roboti, kisha unakwambia ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Hapo umeingiza amri ya mwizi kwa mikono yako. Kwa njia hii husambaa virusi vinavyokomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kimoja kati yake, Lumma, Microsoft ilikihesabu kwenye kompyuta zaidi ya 394,000 ndani ya miezi miwili ya mwaka 2025. Ukurasa ukikuomba kitu hicho, ufunge.

Kompyuta ya dada tuliipiga Windows upya kutoka kwa Microsoft, ikajithibitisha. Flashi tuliichomeka Defender ikiwa macho, ikafuta kirusi, kisha tukafungua dirisha la amri na kuandika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`, E ikiwa ndiyo herufi ya flashi. Mafaili yalikuwepo yote, yalifichwa tu. Fomu za shule tukazitoa humo, tukafuta zile shotikati moja moja. Mshahara wa mwezi uliofuata akanunua diski, na sasa kila Jumapili jioni mwanawe ndiye anayeichomeka na kuichomoa.