Chumathang, Ladakh: maji nyota tano, bafu nyota mbili

Nianze na jibu la swali ambalo najua wengi mnalo, kama inafaa kwenda au la: chemchemi za maji moto za Chumathang zinastahili safari, ila usiende ukiwa na picha ya hoteli ya kifahari kichwani. Maji nayapa nyota tano. Bafu linapata mbili, na ya pili ni kwa heshima ya mzee aliyekuwa akilisimamia.

Chumathang ni kijiji kidogo cha Ladakh, kaskazini kabisa mwa India, kwenye ukingo wa mto Indus. Ukitoka Leh, mji mkubwa wa Ladakh, unafuata mto kuelekea kusini-mashariki, unapita Upshi, mnakwenda kilomita kama 140 kwa jumla. Kijiji kiko karibu mita 4,000 juu ya bahari. Kwa mliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo umeshaipita Horombo lakini Kibo bado. Tofauti ni kwamba mlimani unapanda kwa miguu, pole pole, mwili unazoea. Leh watu wengi tunashuka kwenye ndege kutoka Delhi na kujikuta mita 3,500 mara moja. Mimi nasoma Pune, jiji la magharibi mwa India, joto ndilo nililolizoea, na siku ya kwanza Leh hata ngazi za nyumba ya wageni zilinitoa jasho. Kaeni Leh angalau siku mbili tatu kabla ya kwenda juu zaidi. Mkiwa na mwenzenu anayeumwa kichwa na kutapika, msimpandishe gari la kwenda Chumathang eti maji moto yatamponya. Huyo anahitaji kushushwa chini.

Barabara yenyewe ni nzuri kuliko nilivyodhani. Bonde ni jembamba, miamba ina rangi ya zambarau na kijani, na mabango ya kikosi cha barabara za mpakani yanawaonya madereva kwa mashairi ya kuchekesha. Wageni wa kigeni huhitaji kibali kwa upande ule kwa sababu ni karibu na mpaka wa China. Wakala wa safari Leh anawashughulikia hilo. Bebeni nakala kadhaa, maana kwenye vizuizi wanazichukua.

Kijiji utakitambua kwa mvuke. Unatoka kwenye mawe kandokando ya mto, na ardhi pale ina madoa meupe na ya manjano ya chumvi. Kuna kaharufu kama ka njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi. Hapa hakuna volkano. Bara la India linaendelea kujisukuma chini ya Asia, lile lile sukumo lililoinua Himalaya, na bonde hili liko kwenye mshono wa mabara hayo mawili. Maji huzama kwenye nyufa, yanapata joto huko chini, kisha yanarudi juu. Chemchemi nyingine zinakaribia kuchemka kabisa, na kwa mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi, si 100. Ndiyo maana maharage bila sufuria ya presha utayasubiri mpaka kesho.

Kwa hiyo msitumbukize mguu kwenye kidimbwi chochote mnachokiona pale mtoni. Nilimwona kijana akijaribu. Aliruka kama mtu aliyekanyaga makaa.

Sasa bafu. Ni vyumba vidogo vya saruji, kila kimoja na birika la kuogea lililojengwa sakafuni. Unalipa ada ndogo, mzee anafungulia maji ya moto, halafu anayapoza kwa maji baridi ya bomba. Siku tuliyofika bomba la maji baridi lilikuwa halitoi kitu. Tukasubiri yapoe yenyewe, tumejifunga taulo, mlango hauna komeo, na upepo wa Ladakh hauna huruma. Ukuta ulikuwa na ukungu, na pa kutundika nguo hapakuwepo zaidi ya msumari mmoja. Mzee akatuletea chai ya siagi na chumvi. Ukiiwazia kama supu, inanyweka vizuri sana.

Lakini nilipoingia majini, jamani! Mgongo wangu ulikuwa umekufa kwa kukaa garini, nao ukaachia. Ngozi ilikuwa laini mpaka kesho yake. Wenyeji wazee huja hapa kwa maumivu ya viungo, wengine kwa ushauri wa amchi, yaani matabibu wao wa jadi, na ndio wanaojua kuoga: wanaingia muda mfupi, wanatoka, wanapumzika, wanarudi. Fuateni mtindo huo. Maji moto hutanua mishipa na kushusha presha ya damu, na hewa ya pale ina kama asilimia 60 tu ya msukumo wa hewa ya pwani. Ukisimama ghafla dunia inazunguka. Mwenye ugonjwa wa moyo na mjamzito waulize daktari kwanza.

Ushauri wangu: msiifanye Chumathang kuwa mwisho wa safari. Ni kituo kizuri njiani kwenda ziwa la Tso Moriri, na bora zaidi mkiwa mnarudi, mwili umechoka. Mkiwa na muda, pitieni bonde la Puga, ambako India ina mradi wa kuchimba mvuke wa ardhini kwa ajili ya umeme, kama wafanyavyo Wakenya Olkaria. Chakula Chumathang ni tambi za supu, momo (vitumbua vya unga vyenye nyama au mboga ndani, vinavyopikwa kwa mvuke) na wali na dengu, vya kawaida tu. Bebeni kandambili, taulo lenu na fedha taslimu za kutosha kutoka Leh, na waageni watu wenu mapema: laini za simu za malipo ya kabla mlizosajili sehemu nyingine za India hazishiki Ladakh.