Kiatu cha kulia kinadunda, cha kushoto kimekufa

Msinunue. Nalitanguliza hili ili mwenye haraka aondoke nalo. Nazungumzia raba za kukimbilia zenye kifuko cha hewa kisiginoni, zile ambazo ubavu wa soli umeachwa wazi ili kifuko kionekane. Jina la kampuni silitaji, na duka silitaji. Nataka kueleza kilichotokea kwenye soli na kilichotokea kaunta, maana mpaka sasa sijui kipi kimeniudhi zaidi.

Soli kwanza. Nilikuwa nakimbia asubuhi moja, njia ninayoijua, kasi yangu ya kila siku, nikahisi mguu wa kushoto unatua vibaya. Hapakuwa na mlio wowote. Kisigino kilizama tu, kikachelewa kurudi, na kutoka hapo hatua zikaacha kulingana: kulia naruka, kushoto nadidimia. Nilisimama nikaikagua soli kama kuna mwiba au kipande cha chupa. Safi kabisa. Mpira wa chini haukuwa na hata mchubuko. Nikamalizia njia nikichechemea, na nyonga ikauma mpaka usiku.

Nyumbani niliviweka viatu vyote viwili mezani, nikainama nikavitazama kwa nyuma. Cha kushoto kilikuwa kifupi kidogo na kimelalia upande wa ndani. Nikakibonyeza kisigino cha kulia kwa dole gumba: kinakataa, kinakurudisha. Cha kushoto kikaingia mpaka kuta za kifuko zikagusana, na plastiki ikabaki na mikunjo kwa muda kabla haijajivuta. Nikawasha taa nikafuata ukingo wa kifuko pole pole. Pale ambapo plastiki ya juu na ya chini zimeunganishwa kwa joto, kwenye kona ya ndani, palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, mfupi kuliko ukucha. Plastiki angavu hugeuka nyeupe hivyo pale inapovutwa na kukunjwa kupita uwezo wake. Nikajaza maji kwenye beseni, nikakizamisha kisigino, nikakikamua. Vipovu vikatoka pale pale kwenye mstari, kimoja kimoja. Hakuna mahali pengine palipotoa hata kimoja.

Kwa hiyo nilikwenda dukani nikiwa na risiti, boksi, na maelezo kamili. Kijana aliyekuwa kaunta hakukibonyeza kiatu. Hakukigusa. Alinitazama mimi, kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Dada yangu, raba hizi si za kila mwili."

Nilishusha pumzi. Nikamwambia, "Kaka, naomba ubonyeze visigino vyote viwili, kimoja kimoja, utaona tofauti." Hakubonyeza. Nikamweleza habari ya beseni na vipovu, nikidhani nampa ushahidi. Akaruka, "Kumbe uliviloweka? Basi dhamana imeishia hapo."

Mori ulinipanda, na sidhani umeshuka.

Niseme kwanza kuhusu mwili. Mwili wangu ni mmoja na miguu yote miwili inaubeba zamu kwa zamu. Kama uzito wangu ndio ulioua kifuko cha kushoto, cha kulia kinafanya nini kikiwa kizima? Halafu kuna jambo ambalo kila anayechora soli ya kukimbilia analijua kabla hajashika kalamu: mtu anapokimbia, kila mguu unapotua ardhi humrudishia nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Mwenye kilo 60 anatua kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 120 hadi 180, hatua kwa hatua, maelfu ya hatua kwa mbio moja. Hilo ni la wembamba na wanene. Ndiyo kazi ambayo soli hiyo ilizaliwa kuifanya. Kumwambia mkimbiaji kwamba soli ya kukimbilia imeshindwa kwa sababu alikanyaga ni kumtukana mara mbili.

Kinachonisikitisha ni kwamba wazo lenyewe la soli ya hewa ni zuri, na nimelipenda kwa muda mrefu. Sponji ya kawaida ya raba, ile inayoitwa EVA, ina vijichumba vidogo vidogo vya gesi vyenye kuta laini. Ukiikanyaga siku baada ya siku kuta zinachoka na kulala, na sponji inabaki na alama ya kisigino chako, imepungua kimo na imekuwa ngumu. Hewa haichoki. Ukiibana mpaka nusu ya ujazo wake, bila joto kubadilika, presha inakuwa mara mbili. Ukiiachia, inarudi ilivyokuwa, leo na mwakani. Na inapobanwa inaanza kwa ulaini na kumalizia kwa ugumu, jambo ambalo kisigino kinalihitaji hasa: mguu upokelewe taratibu, kisha usiachwe ugonge chini.

Kwa hiyo hewa haina kosa. Taabu yote iko kwenye kuizuia isitoroke na kuilazimisha ikae umbo la wayo. Gesi ndani ya mfuko inasukuma pande zote kwa nguvu sawa, na mfuko ulioachiwa uhuru unataka kuwa mviringo. Nani atasimama juu ya mpira? Ndiyo maana wabunifu hubana kuta za juu na chini kwa kuziunganisha katikati sehemu sehemu, au huweka nyuzi nyingi ndani ya kifuko zinazozivuta kuta zisiachane, kisigino kikapata uwanda wa kukanyagia. Kisha kuna ukuta wenyewe. Unatakiwa uwe laini wa kukunjika mamilioni ya mara, na papo hapo usipitishe gesi. Sifa hizo mbili hazikai pamoja kirahisi kwenye plastiki moja. Ufumbuzi umekuwa kutumia tabaka nyembamba nyembamba: poliurethani kwa ajili ya kukunjika, na katikati yake plastiki nyingine inayozuia gesi.

Historia yake naijua vizuri kuliko yule kijana, na ningemsimulia kama angenipa nafasi. Marion Franklin Rudy, mhandisi wa Marekani aliyetokea kwenye fani ya vyombo vya anga, aliipelekea Nike wazo hilo mwaka 1977. Mwaka uliofuata raba ya Tailwind ilitoka kwenye mbio za marathoni za Honolulu. Mwanzoni hawakujaza hewa hii tunayovuta. Walijaza gesi zenye molekuli kubwa, salfa heksafloridi ikiwa mojawapo, kwa sababu molekuli kubwa hazipenyi plastiki kwa urahisi. Na Rudy aligundua jambo la kupendeza: gesi kubwa ikibaki ndani, naitrojeni ya nje hupenya kuingia kidogo kidogo, kwa hiyo presha ya kifuko huongezeka kwa muda badala ya kupungua. Fikiria mtu aliyewaza mpaka hapo! Baadaye ikaonekana salfa heksafloridi inaipasha dunia joto zaidi ya mara 20,000 kuliko kaboni dayoksaidi kwa uzito ule ule, na kufikia 2006 Nike ikahamia kabisa kwenye naitrojeni. Naitrojeni ina molekuli ndogo, hivyo walilazimika kubuni upya ukuta na viungo. Hiyo ndiyo kazi ya ubunifu ninayoiheshimu.

Hata hiyo Tailwind ya kwanza iliwaumbua. Si kwa sababu ya hewa. Rangi yake ya fedha ilikuwa na chembe za chuma zilizosugua kitambaa mpaka kikakatika, na wateja wakazirudisha. Sijasikia kwamba waliambiwa miili yao haifai.

Sasa nije kwenye dirisha, kwa sababu naamini ndipo kifuko changu kilipouawa. Mwaka 1987 Tinker Hatfield, mbunifu wa Nike aliyesomea usanifu wa majengo, alitoa raba ya Air Max iliyokatwa ubavu wa soli ili kifuko kionekane. Wazo alilipata kwenye jengo la Centre Pompidou la Paris, ambalo mabomba na ngazi zake zimewekwa nje. Ni ubunifu wa kijasiri na siubezi. Lakini kifuko kilichozikwa ndani ya sponji kinashikwa pande zote. Kikitaka kuvimba ubavuni, sponji inakizuia. Ukikifungulia dirisha, ubavu ule hauna wa kuushika. Kila unapotua unavimba nje, kila unaponyanyua mguu unarudi, na mkunjo wote unaishia kwenye ukingo ulipounganishwa. Dirisha likiwa kubwa, ukuta lazima uwe mnene zaidi na kiungo lazima kikae mbali na pale panapokunjika sana. Kwenye raba zangu kiungo kimepita kona ile ile ya kisigino cha ndani ambayo kila anayetua kwa nyuma huikandamiza. Mtu aliikalia mezani akaichora hivyo. Akaangalia ikipendeza kwenye picha, akaipitisha.

Na ikishavuja, basi. Hili ndilo linalonichoma. Sehemu ya juu ya kiatu ni nzima, kamba nzima, mpira wa chini bado una meno. Nilimpelekea fundi viatu, mzee anayeijua kazi yake, akakigeuza geuza akaniambia, "Binti yangu, hapa mimi sina pa kuingilia." Kifuko kimegandishwa kwa gundi juu na chini, ukikitoa unaing'oa soli yote, na hata ukikitoa hakuna kinachouzwa cha kuweka badala yake. Hakina vali ya kujazia. Tairi la baiskeli likipata pancha unaziba na kuendelea na safari. Raba hii inapata tundu lisiloonekana kwa macho na inakuwa takataka. Kwa nini kifuko kisiwe cha kuchomoa? Kwa nini kisikae ndani ya kitanda chake cha sponji, kikifa kikabadilishwa? Najua vali inaongeza uzito na mahali pa kuvujia. Lakini kifuko cha kubadilisha hakihitaji vali.

Hata hivyo sitazisingizia. Kabla ya asubuhi ile zilikuwa raba bora kuliko zote nilizowahi kuvaa. Magoti yaliyokuwa yakinisumbua kwenye mteremko yalinyamaza. Mwishoni mwa mbio ndefu, sponji inapokuwa imechoka pamoja na wewe, hizi zilikuwa bado zinasukuma vile vile zilivyosukuma mwanzoni. Zilikuwa nzito kidogo, ndiyo, na kwenye kona kali kisigino kiliyumba, kwa sababu hewa husogea pembeni na kifundo cha mguu kinalazimika kufanya kazi ya ziada. Kwenye njia iliyonyooka sikuwa na la kulalamika. Kama mtu angeniuliza wakati ule ningemwambia uza vingine vyote ununue hizi.

Nilirudi dukani mara nyingine. Nilimkuta msimamizi, mama mtu mzima. Nilimpa shikamoo, nikaweka viatu mbele yake bila maneno mengi. Alikibonyeza cha kulia, akakibonyeza cha kushoto, akainua macho. "Mwanangu, hiki kimevuja," akasema. Basi. Sekunde chache, na dole gumba moja. Akaagiza niletewe jozi nyingine ya namna ile ile, akanitaka radhi kwa usumbufu. Kijana alikuwa amesimama palepale, akapanga maboksi, hakusema neno.

Kwa hiyo ninazo mpya, na nimeshazikimbilia. Zinadunda. Nimekasirika zaidi kwa jinsi zinavyodunda, kwa sababu kiungo kimepita kona ile ile, na najua kiko angavu kwa sasa tu. Kwa hiyo niwaambieje? Anayetua kwa mbele ya mguu huenda akadumu nazo. Kona yangu ya kisigino haitamhusu. Anayetua kwa kisigino atafute zile ambazo kifuko kimezikwa chote ndani ya sponji, hata kama hakuna dirisha la kuonyesha watu, na kabla hajalipa abonyeze visigino vyote viwili na kufuata ukingo wa kifuko kwenye mwanga. Nilisema msinunue. Hizi zenye dirisha bado nasema hivyo, ingawa nimezivaa sasa hivi ninapoandika.

Zikivuja tena nitazirudisha, na nitasimama pale kaunta mpaka yule kijana azibonyeze yeye mwenyewe.